Watoto Kumi na Wanne wa Sary-Kashat

Zuurakan alikuwa na mwandiko mzuri, na hicho ndicho kilichomponza. Mumewe alipofariki, mwenyekiti wa kijiji alimwita ofisini akamwambia, "Shemeji, hapa ni wewe tu unayeandika herufi zinazosomeka. Njoo utushikie orodha za watoto." Akaja, na akaishika kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nikiwasha jiko la makaa ya mawe katika ofisi hiyohiyo, kwa hiyo haya siyasimulii ya kuambiwa. Kaeni vizuri.

Orodha zilikuwa nyingi. Waliochanjwa, walioacha shule, wenye viatu vya baridi, wanaokula nyama mara ngapi kwa wiki. Zilikwenda wilayani, kutoka wilayani zikaenda Bishkek, mji mkuu, na huko wakubwa walijumlisha na kugawanya, kisha wakaamua kijiji gani kipate nini. Zuurakan hakuwahi kuidharau kazi ile. Alikuwa akisema mtoto asiyeandikwa ni kama mwanakondoo asiye na alama sikioni: akipotea, nani atajua ametoka kundi gani?

Mwaka ule fomu ilikuja na swali jipya: Je, mama wa mtoto anaishi naye? Kijiji ambacho watoto wengi wanaishi mbali na wazazi kingejengewa nyumba ya watoto, yaani chumba chenye joto, chakula cha mchana, na mtu aliyesomea kazi ya malezi wa kukaa nao mpaka jioni. Sisi tulicheka kwa furaha. Vijana wetu wote wako Moscow, wanafagia theluji na kujenga maghorofa ya watu. Hapa Sary-Kashat wamebaki vikongwe na watoto. Nani angetushinda?

Lakini kwetu mtoto wa kwanza ni wa babu na bibi. Ananyonya, anaachishwa ziwa, kisha bibi anamchukua, na tangu siku hiyo bibi ndiye mama. Aliyemzaa anaitwa wifi, baba anaitwa kaka, na hakuna wa kumsahihisha mtoto. Basi Zuurakan akapita nyumba kwa nyumba na fomu yake, na kila bibi alimpa jibu lilelile.

"Mama ni mimi. Andika."

Akaandika. Alipofika kwake mwenyewe, kwa Akmoor, binti wa miaka minane ambaye mwanawe Kubat alimwacha hajaota hata jino, aliandika vivyo hivyo: anaishi na mama.

Jumla yake, watoto kumi na wanne tu, waliokuwa wakilelewa na shangazi na majirani, ndio walioonekana hawana mama nyumbani. Nyumba ya watoto ilijengwa kijiji cha ng'ambo ya mto.

Mwezi wa Januari bibi Tursun alifia usingizini. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Elnura, wa miaka sita, wawili tu. Jirani alipita akauliza dirishani, "Mama yuko?" Mtoto akasema, "Amelala." Kesho yake akauliza tena, akajibiwa vilevile. Siku ya tatu jirani akaona bomba la paa halitoi moshi, ndipo akaingia. Elnura alikuwa amemfunika bibi kwa makoti yote ya nyumba ile, naye amejikunyata chini ya makoti hayohayo. Hospitali walimkata vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi.

Aliyemzaa alikuja kwenye arobaini. Elnura alimpokea kwa adabu, akamwita wifi, akammiminia chai. Siku ya nne mwanamke yule alirudi Moscow, maana kazi haingemngoja.

Zuurakan alifungua daftari lake akatafuta jina. Elnura, miaka sita, anaishi na mama. Mwandiko wake mzuri. Jiko langu lilizimika siku ile na hakuniambia niongeze makaa.

Akampigia simu Maksat, afisa wa wilaya aliyekuwa akipokea orodha zetu.

"Kurekebisha kunawezekana, dada," Maksat alisema, "lakini kila nyumba itie sahihi, na mimi nije nihakiki kwa watoto wenyewe. Mnatoka kumi na wanne kwenda wangapi?"

"Hamsini hivi."

"Dada, huko juu watasema jirani zenu wamepata nyumba, nanyi mkaamka asubuhi na yatima."

Nyumba ya kwanza aliyokwenda ilikuwa ya Sonunbubu, bibi mwenye wajukuu watatu na ulimi unaonyoa bila maji.

"Mkwe wetu, umekuja na kalamu tena? Mara hii umekuja kuandika nini, kwamba mimi ni mpangaji?"

"Mama, ni karatasi tu. Watoto wapate mahali pa joto. Umemwona Elnura."

"Nimemwona. Kumwosha Tursun nimemwosha kwa mikono hii." Sonunbubu akavunja mkate, akamsogezea. "Lakini kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Huyo wa Moscow anajua kwamba mdogo wangu anaogopa jogoo? Hajui. Halafu niweke sahihi kwamba mama ni yeye?"

"Ni karatasi tu."

"Basi tuanze na yako. Akmoor ameandikwaje?"

Zuurakan akatazama mkate.

"Eeh. Nenda kaandike ya kwako kwanza. Chai yako nitaifunika."

Alikwenda, akaandika. Na kwa kuwa Maksat angekuja kuuliza watoto, aliona lazima amwambie Akmoor kabla mgeni hajamwambia. Alimwambia wakiwa zizini, yeye anakamua, mtoto ameshika mkia wa ng'ombe.

"Wifi Nazira ndiye aliyekuzaa. Kaka Kubat ndiye baba yako. Mimi ni mama yake Kubat. Ni bibi yako."

Akmoor hakuuachia mkia. "Wifi anajua?"

"Anajua."

"Na akipiga simu huwa ananyamaza tu?"

Zuurakan aliendelea kukamua. Kwa siku nyingi baada ya hapo Akmoor hakumwita mama wala bibi. Akitaka chumvi mezani, alisema, "Chumvi."

Sonunbubu alipoiona karatasi ya Akmoor alitia sahihi, na wengine wakamfuata. Orodha ikafika watoto hamsini na watatu. Wajukuu wao hakuna aliyewaambia kitu. Nani angethubutu, wakati Zuurakan alikuwa anazunguka kijijini amekonda vile?

Maksat alikuja Aprili, njia ikiwa matope matupu. Tulikaa naye chumba cha walimu, Zuurakan na mimi niliyembebea daftari. Akaita watoto mmojammoja kwa orodha mpya, akawauliza kwa upole, "Mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani, anakamua."

"Yuko kwetu. Ana kikohozi."

"Yuko nje na punda, ananisubiri."

Maksat akafunika kalamu yake. "Dada, sisemi kwamba unadanganya."

"Muulize wangu," Zuurakan alisema. "Wangu anajua."

Akmoor akaingia na utepe wake mweupe kichwani. Maksat akamuuliza kama wenzake. Mtoto alimtazama Zuurakan kama anayepima kitu.

"Huyo hapo," akasema.

"Umefundishwa useme hivyo?"

"Hapana. Nimefundishwa kusema vingine."

Maksat alielewa, nilimwona. Lakini fomu ile ilikuwa na nafasi ya jibu, haikuwa na nafasi ya kuelewa. Aliandika, akapiga mhuri, akamwinamia Zuurakan kama mtu anavyomwinamia mfiwa, akaenda zake. Orodha ya Sary-Kashat ilibaki kumi na wanne.

Tulitoka. Akmoor alimshika Zuurakan mkono na kumwambia, "Mama, chumvi imeisha nyumbani, tupitie dukani." Zuurakan alicheka. Hakuwa amecheka tangu majira ya baridi, na mtu asiyejua angedhani kijiji kimepata nyumba ya watoto.

Furaha hiyo, aliniambia baadaye, ilitoka mlango wa shule ikaishia kwenye lango la Sonunbubu. Hapo kizingitini alikuwa amekaa Elnura, ambaye tangu bibi yake afe alilazwa nyumba kwa nyumba, na wiki hiyo ilikuwa zamu ya Sonunbubu. Sonunbubu alikuwa amekwenda kisimani. Mtoto alikuwa amevua kiatu kimoja, anasubiri yeyote arudi.

"Mama yuko?" Zuurakan aliuliza kwa mazoea, kabla hajajizuia.

Elnura akafikiri. "Sijui," akasema. "Niwaulizie akirudi mtu?"