Mbuzi wa Siku ya Mpira

Mwenye ukurasa, nakuomba ufiche jina langu na jina la kijiji. Majina niliyoandika humu nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini, au na mmoja, sijui sawasawa. Kwetu ni Songea. Nakata mkonge katika shamba moja upande huu wa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilisoma darasa la pili tu kwa mapadri, kwa hiyo mnivumilie. Nimechoka, wasomaji. Uchovu wa kazi nimeuzoea, huu ni mwingine.

Sikai kambini. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, nitamwita Bi Mwanaidi. Ni mtu wa hapa hapa, Mwislamu wa swala tano. Mwaka nilioshikwa na homa hata nikashindwa kushika kijiko, ni yeye aliyeninywesha uji, na hakuna ndugu yangu aliyejua kama naumwa. Ananiita kaka, nami namwita dada. Yeye hajui kusoma, basi gazeti hili likifika Jumamosi humsomea mimi, yeye akichagua mchele, na habari ikimgusa huniambia, “Rudia hapo, kaka.”

Sasa timu yetu ya wakata mkonge ilipata mpira na vijana wa mjini. Desturi ni kwamba mwenyeji hulisha wageni mchezo ukiisha. Watu wa mjini hawali chakula cha kambini, hawajui nyama imechinjwa na nani, kwa hiyo wenzangu wakanigeukia mimi: “Kwako kuna ua, na kuna dada yako.” Wakaja watu wawili kutoka mjini kupanga mambo. Mmoja, golikipa wao, mtu wa maneno mengi, akacheka. “Tukale kwa mtu wa bara? Si atatuchinjia panya huyu!”

Bi Mwanaidi akatoka jikoni na mwiko mkononi. “Napika mimi, kwa mkono wangu. Na mbuzi atachinjwa na Mwalimu Shomari wa chuo cha Kurani, aje na kisu chake. Asiyetaka abaki na njaa yake.”

“Shikamoo, mama,” yule golikipa akanywea. “Basi nitakuja na tumbo tupu.”

“Marahaba. Na huo mdomo uuache huko huko mjini.”

Jumapili ikafika. Jana yake nilikuwa nimemaliza kazi yangu jua likiwaka, mikono imejaa miiba ya mkonge. Mwalimu alikuwa aje asubuhi. Jua likapanda, hakuja. Nikasikia amekwenda maziko kijiji cha pili. Bi Mwanaidi alikuwa amekwenda kwa majirani kuazima masufuria na masinia, nami nikakaa kizingitini kungoja. Nadhani nilisinzia. Nilipozinduka, mbuzi alikuwa ameizunguka nguzo mara nyingi, kamba imemkaba shingo, ulimi uko nje, miguu inatupatupa. Nilijua akifa hivyo ni kibudu, hakuna atakayemgusa, na mbuzi mwingine hatuna. Nikachukua kisu nikamchinja mimi. Bismillahi naijua, nimeisikia miaka kumi na moja, lakini niliona haya kuitamka kwa mdomo wangu. Nikachinja kimya.

Wallahi nilitaka kusema. Nilianza kuchuna ngozi huku nikipanga maneno ya kumwambia. Bi Mwanaidi akaingia na masufuria kichwani, akamwona mbuzi ananing’inia, uso wake ukafunguka. “Alhamdulillahi! Mwalimu ameshapita?”

Nikasema, “Ameshapita.”

Neno moja tu hilo. Akafunga kanga kiunoni akaanza kukata nyama, akiimba.

Tulifungwa mabao mawili lakini hakuna aliyejali. Masinia sita ya pilau, kachumbari, ndizi mbivu. Wazee wa mjini walikaa kwenye mikeka pamoja na wakata mkonge, jambo ambalo sijaliona tangu nije pwani. Yule golikipa alikula hadi akafungua kifungo. “Mtu wa bara,” akapaza sauti, “panya wako mtamu!” Watu wakacheka, mimi nikatazama chini. Kisha nikamwona Mwalimu Shomari anaingia uani, vumbi miguuni, kisu chake kimeviringishwa katika kitambaa. Nikamkimbilia kabla hajafika kwa watu.

“Nisamehe, ndugu yangu, maziko yalichelewa. Nani aliyewachinjia?”

Nikasema alipita Mwislamu mmoja wa Msata, akatusaidia. “Mungu amlipe,” akasema. Akanawa mikono, akakaa, akala. Mimi sikuweza kula. Wageni walipoondoka Bi Mwanaidi akaniletea bakuli lililofunikwa. Alikuwa ameniwekea ini lote. “Sijakuona ukila, kaka. Leo umenitoa aibu mbele ya watu.”

Tangu siku hiyo nikirudi kazini nazunguka nyuma ya nyumba nisikutane naye. Mpira wa marudiano ni mwezi ujao, na wa mjini wenyewe wameomba chakula kiwe hapa hapa. Mwalimu atakuja, safari hii mapema, atakaa na Bi Mwanaidi, na watazungumza habari ya mbuzi wa kwanza. Nikisema, itajulikana kuwa nimewalisha haramu watu wa dini, kwa mkono wa mtu aliyenipa maisha, na yeye ndiye aliyewaahidi. Nisiposema, nitaendelea kumtazama akiswali, huku najua.

Wasomaji, hasa ninyi Waislamu wa pwani, nishaurini bila kunionea huruma. Na jambo jingine. Barua hii ikitoka, itatoka Jumamosi, naye atakaa na ungo wake akinisubiri. Niuruke ukurasa huu, au nimsomee?