Omena Waliorudi Ziwani

Juzi, ufuoni Dunga, nilimwona kijana akinasua ngege mdogo kwenye ndoana na kumrudisha majini, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, Baba alipojiunga na chama cha wavuvi wa ndoana, alitusomea kanuni kwa sauti ya mhubiri, kadi mpya mkononi: "Samaki asiyefika kiganja arudishwe ziwani."

Alasiri hiyo uani kulinuka omena wa Mama, walioanikwa juani. Nilipima mmoja, nikapima wa pili, nikaona Baba atafukuzwa chamani. Sikujua kwamba omena hata akizeeka hafiki kiganja. Niliwabeba wote kwa karai, nikawamwaga ziwani, nikangoja waogelee.

Mama hakunichapa. Alimwandalia Baba ugali, na kwenye bakuli la mboga akaweka ile kadi.

"Kula, Baba Akinyi," akasema. "Mboga ndiyo hiyo."