Mwalimu Asnati Aliponiuliza Ninaona Nini

Usiku ule nililala mapema, bila huzuni na bila sala, kama mtu anayefunga mlango wa chumba asichokitumia. Mwalimu Asnati alikuwa na wiki tatu kaburini, na mimi sikuwa nimetoa chozi hata moja. Nitaisimulia ndoto kama ilivyonijia, ila kwanza nieleze Jumapili zetu.

Mwalimu Asnati alikuwa jirani yangu hapa Iringa. Mjane, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Nusu ya kina mama wa mtaani kwetu walijifunza kwake kukata shati na kupika uji wa mgonjwa. Kila Jumapili alasiri mimi na Chaula, fundi wa redio na televisheni, tulikwenda sebuleni kwake kuangalia tamthilia moja. Haikuwa na mwendelezo. Kila kipindi kilikuwa na kisa chake na watu wake, na visa vyenyewe vilichekesha kwa namna ya ajabu: unacheka, kisha unagundua umechekea penye msiba. Mwisho wake haukueleweka kamwe. Kikishaisha tunapunguza sauti na kuanza kufasiri, chai ikipoa mezani. Chaula aliona siasa kila mahali. Mimi, ninayeshinda masjala ya ardhi nikipanga majalada, niliona mafumbo: mlango ni mauti, mbuzi ni dhamiri, ndoo tupu ni utasa. Nilisifika kwa hilo. Mwalimu alitusikiliza, na zamu yake ikifika alisema neno la kawaida tu, kama vile, huyu mama ana njaa. Tukatabasamu na kuendelea na yetu.

Kipindi cha mwisho tulichoangalia naye kilihusu bwana mmoja aliyeazimwa vitu na majirani. Wa kwanza aliazima kiti. Wa pili meza. Wa tatu alikuja na mkokoteni akabeba kabati na nguo zikiwa ndani. Kila mmoja bwana yule alimshika mkono kwa muda mrefu, akataka kusema jambo, halafu akasema, "Chukua tu." Tulicheka mpaka Chaula akamwaga chai. Mwishowe bwana amekaa sakafuni katika nyumba tupu, anatabasamu, na kipindi kikakatika hapo.

Chaula alisema ni habari ya ardhi yetu inavyokwenda. Mimi nikasema hapana, ni uzee, ni nafsi inayovuliwa dunia kipande kwa kipande, na nilizungumza karibu robo saa. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti, mkono juu ya kifua.

"Yule bwana anaumwa," alisema. "Anawaambia, ila hawamsikii."

Nikamjibu kwamba kwake yeye kila mtu ni mgonjwa, kila mtu apewe uji. Tukacheka. Naye alicheka, akainuka taratibu kuchemsha chai nyingine.

Jumatano asubuhi alikutwa jikoni, amekwisha kufariki. Moyo, walisema.

Nilikwenda mazishini. Nilitia udongo kiganjani, nikautupa, nikawaza kwamba viatu vyangu vinahitaji soli. Baada ya matanga binti yake, Neema, muuguzi anayefanya kazi Mbeya, alinifuata hadi mlangoni. Aliniambia Jumapili ile mama yake alimpigia simu mara mbili, naye alikuwa zamu, hakupokea, na alipotoka aliona usiku umekwenda, akaahirisha kumpigia. Akaniuliza kama mama alilalamika chochote tulipokuwa naye.

"Alikuwa mzima kabisa," nilisema. "Alicheka sana."

Neema alinitazama, akanishukuru, akaondoka. Mimi nikaingia ndani nikakunja nguo. Jumapili mbili zilizofuata Chaula alikuja kwangu tukaangalia tamthilia, na tafsiri zilinitoka vizuri kuliko zamani. Hakuna kilichoniuma.

Ndipo ikaja ndoto.

Nilikuwa masjala. Nilikuwa natafuta jalada ambalo namba yake niliijua nilipoingia na sasa nimeisahau. Nikavuta droo, ndani yake mlikuwa na vitambaa vya makochi ya Mwalimu, vile vyeupe alivyofuma mwenyewe. Nikageuka, na niko sebuleni kwake. Jua la alasiri limelala juu ya zulia. Televisheni inawaka bila sauti.

Mwalimu Asnati amekaa kwenye kiti chake, sweta la kijivu mabegani, na mapajani ana rundo la madaftari anayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikushtuka. Najua amekufa, na najua si adabu kumkumbusha. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa kwenye stuli kama mwanafunzi.

Kwenye televisheni bwana yule amekaa sakafuni, nyumba tupu nyuma yake. Halafu yuko sakafuni pale pale sebuleni, hatua mbili kutoka miguuni pangu, na televisheni imebaki na mwanga tu. Naona kisigino chake kimepasuka. Mwalimu anafungua daftari jingine, nami naona ni langu, mwandiko ni wangu, kurasa zote zimejaa. Anazifunua moja moja. Kalamu yake haigusi popote.

"Unaona nini?" aliniuliza.

Nikaanza. Nikasema naona nafsi inayovuliwa dunia. Alisubiri nimalize, akauliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwelekeza mtoto anayeshona mshono kombo. Nikasema naona uzee. Naona nchi, nikasema, nikichukua ya Chaula. Maneno yananitoka mengi na mepesi, nayasikia yakianguka mahali mbali, kama maji katika nyumba ya mtu mwingine.

Aliuliza mara ya tatu. Nikamwangalia bwana yule. Nikamwangalia kweli, kama mtu.

"Naona mtu amekaa sakafuni," nikasema. "Ameshika kifua. Anasikia baridi."

Mwalimu aliweka kalamu chini.

Sasa hatuko sebuleni. Tumesimama jikoni kwake, yeye ameshika ukingo wa meza, sufuria ya maji iko juu ya jiko na moto haujawashwa. Ni Jumatano, najua, ingawa hakuna aliyesema. Nataka kumsogezea kiti na hakuna kiti, wamekwisha kuviazima vyote. Miguu yangu ni mizito. Hata pale, ndani ya usingizi, nilingoja huzuni inijie, na haikuja. Kulikuwa na ganzi tu, kuanzia vidoleni mpaka shingoni.

Nikamuuliza kama alikuwa anaumwa Jumapili ile.

"Niliwaambia," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi, wa vuguvugu, na akasema maneno niliyoamka nayo:

"Neema alikuuliza. Mwambie kama ulivyoona. Usimfasirie."

Nikaamka. Kulikuwa kumekwisha kupambazuka na wauza maziwa walikuwa wanapita barabarani. Nilikaa kitandani bila kuwaza lolote, nikauona wazi kabisa ule uongo wangu: nilimwambia Neema mama yake alikuwa mzima ili mimi nisiwe mtu aliyecheka. Na kwa uongo huo nilimwachia yeye peke yake zile simu mbili, azibebe kana kwamba mlango pekee mama yake aliobisha ulikuwa wake.

Nikanawa uso. Nikampigia kabla sijanywa chai, maana najijua, ningekunywa chai ningepata maneno mazuri.

Neema alipokea upesi. Tukasalimiana. Nikamwambia nilimdanganya siku ile mlangoni. Nikamweleza yote kwa mfuatano: kipindi, bwana aliyeazimwa vitu, mkono wa mama yake kifuani, alichosema, nilichomjibu, na kwamba tulicheka sote watatu. Sikuitaja ndoto. Sikusema hatukujua, wala kwamba siku zake zilikuwa zimefika, wala kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kila nilipohisi sentensi ya namna hiyo inakuja, nilinyamaza hadi ipite.

Nikasikia mlango ukifungwa upande wa pili, halafu pumzi yake.

"Kwa hiyo aliwaambia ninyi pia," alisema.

"Alituambia."

Akaanza kulia. Hakulia kama mtu anayelaumu, ingawa angekuwa na haki. Alilia kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, kama mtu aliyepata mahali pa kukalia. Katikati aliniuliza mama yake alivaa nini siku ile, nikamwambia. Akauliza kama alikula, nikamwambia alikula kipande kimoja cha muhogo akaacha kingine. Akataka kujua alichekaje. Hilo lilinishinda kueleza, nikamwambia hivyo.

Mimi sikulia. Mpaka leo ninapoandika haya sijalia, na sijui kama itatokea. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, simu imepata moto sikioni, ofisini wananisubiri, nikamsikiliza Neema mpaka akamaliza.