Gari Lisilojua Kuigiza

Mtaani walimwita Mzee Stata, na jina hilo hakulipata gereji. Alilipata redioni.

Enzi hizo mchezo wa redio ulirushwa moja kwa moja, Ijumaa jioni, kutoka kachumba kalikobandikwa trei za mayai ukutani ili kasitoe mwangwi. Kazi yake ilikuwa milio: mlango, mvua, farasi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Na gari bovu. Jamani, magari ya kwenye hadithi! Nyumbani linawaka, sokoni linawaka, ila jambazi akibakiza hatua mbili tu, khe-khe-khe, kimya. Wasikilizaji wanang'ata kucha, gari limesusa.

Mlio huo aliuazima kwa gari lake mwenyewe, dogo, la bluu, lililowalaza njiani yeye na mkewe kila walipovaa vizuri. Alikuwa analiegesha nyuma ya studio, maikrofoni inapitishwa dirishani, akipewa ishara anageuza ufunguo. Linagoma. Kila wiki linagoma, staa kabisa.

Mpaka Ijumaa moja. Kwenye mchezo, maharusi wako ndani ya gari, majambazi wanakuja, ishara ikatolewa, akageuza ufunguo. Likawaka! Tena kwa sauti nyororo, kama limetoka dukani jana. Mwigizaji wa kike kaduwaa na karatasi mkononi. Mzee Stata akazima chapchap, akabana mdomo kwenye maikrofoni, akakohoa yeye: khe-khe-khe-khe... pfff. Kuanzia siku hiyo gari likawa yeye.

Sasa kastaafu, mchezo ulishafutwa, milio inatoka kwenye kompyuta. Gari limebaki bandani, na mkewe, fundi cherehani, analitaka banda aweke mashine zake. Walibishana wiki nzima, mzee akashindwa, kama kawaida yake. Jumamosi akaja mnunuzi, kijana anayekodisha magari ya kizamani kwa picha za harusi.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sina maneno mengi. Likiwaka, nalichukua leo hii hii. Lisipowaka, mtanisamehe. Maharusi wangu hawasukumi gari."

Mzee akaona pa kuponea: lisiwake tu, libaki. Lakini asubuhi alilijaribu kwa siri, likawaka mara moja, msaliti yule. Miaka yote linamuaibisha mbele za watu, leo ndiyo limeamua kuwa na adabu!

Akaingia, akafunga mlango, akainama chini ya usukani kama anatafuta kitu. Kijana alikuwa huko nyuma anapiga teke matairi.

Khe-khe-khe-khe... pfff.

"Jaribu tena, babu!"

Khe-khe-khe-khe... pfff.

Mkewe, kasimama na futi ya kupimia nguo shingoni, akageuza kichwa polepole. Gari lao lilikuwa linakohoa mara tatu, basi. Hili la mara nne, lenye pfff mwishoni, alilijua vizuri. Ni la redioni. Alilisikiliza kila Ijumaa akiwa na pasi mkononi, na nguo za wateja kadhaa ziliungua kwa ajili yake. Akasogea dirishani. Mumewe kajikunja, shavu juu ya gia, jasho linamtoka, anamtazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Baba watoto," akanong'ona, "huna haya?"

"Sina."

"Na mvi zote hizo?"

"Nyamaza, niko hewani."

Akang'ata futi yake kuzuia kicheko, kisha akamgeukia kijana uso mkavu kabisa.

"Mwanangu, usijisumbue. Ndivyo lilivyo. Hata harusi yetu tulifika kwa miguu, mimi viatu nimeshika mkononi."

Kijana akacheka, akaaga, akaenda zake. Mkewe akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa. Kiti kikalia ule mlio wake wa zamani.

"Haya, na mashine zangu?"

Mzee akafikiria kona yake ya sebuleni, yenye makopo, mabati ya kutengenezea radi na kwato za yule farasi, ambayo hajawahi kumruhusu mtu hata aifute vumbi.

"Chukua kona yangu."

"Yote?"

"Yote. Farasi atalala humu kwenye gari."

Mkewe akamtazama kidogo, akaweka futi kwenye dashibodi.

"Basi washa, unitembeze. Ngoja kwanza nikavae vizuri."

Aliporudi, kanukia, mzee akageuza ufunguo.

Khe-khe-khe. Kimya.

"Wewe!" mkewe akamfinya.

"Haki ya Mungu, mke wangu," akasema, mikono juu, "hapo siyo mimi."