Chai ya Rungwe Yaingia Kariakoo

Nilitoka nyumbani Rungwe kwa sababu ya jembe. Kaka yangu Ambakisye alikuwa amelinoa na kuliegemeza mlangoni, kisha akatamka mbele ya wazee: "Wewe ndiye uliyetushawishi kupanda chai. Basi nenda Dar es Salaam ukatutafutie mnunuzi. Ukirudi mikono mitupu, nang'oa miche yote, napanda kahawa." Nikamjibu aanze kutafuta pa kulificha hilo jembe. Sikuwa na shaka hata chembe. Mvua yetu haikatiki, na miche yetu imestawi hata Mzungu wa shamba la jirani husimama kuitazama.

Tukuyu nilipanda lori. Nilikaa juu ya magunia, nimelikumbatia debe langu la chai, nililolifunika kwa majani ya migomba na kulishonea gunia. Chai hiyo tuliisugua kwa viganja vyetu, tukaikausha darini, moto ukiwaka jikoni chini yake, kama tunavyohifadhi mahindi tangu enzi za mababu. Kwapani nilikuwa na kifurushi kidogo alichonifungia mke wangu Tusekile, chai yangu ya njiani. Nyumba yake ilikuwa mpya, haijawekwa dari, kwa hiyo yeye aliianika juani juu ya mkeka. Nilimwonea huruma, nikakipokea tu ili asinune.

Iringa baridi ilituuma, vumbi likatumaliza, lakini debe halikuniponyoka. Dodoma nikaingia garimoshi, daraja la tatu. Kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimjibu, "Mali," nikageukia dirisha.

Dar es Salaam joto lilinipokea kabla ya mtu. Kisha nikamwona Anyosisye, mtu wa kwetu, hamali wa bandarini miaka mingi. Tulikata Gerezani, tukapita karakana za reli, hadi chumba chake Kariakoo. Bibi mwenye nyumba alinikaribisha kwa wali wa nazi, nami nikala bila aibu.

"Kesho nakupeleka kwa Bwana Nasoro," Anyosisye aliniambia. "Ni Mwarabu, duka lake liko karibu na soko. Akiipenda chai yako, mtaa mzima utainywa."

Asubuhi tulimkuta Bwana Nasoro barazani kwake, mzee mwenye ndevu nyeupe.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Karibuni, ketini."

Nikafumua debe kwa madaha. Akachota kidogo, akaipika mwenyewe bila sukari wala tangawizi, akamimina kikombeni. Akanusa. Akaonja mara moja, akakiweka kikombe chini.

"Ndugu yangu, chai hii mmeikausha au mmeibanika? Inanuka moshi."

Damu ilinichemka. "Bwana, kwetu moshi ndio mlinzi. Mahindi ya darini hayaguswi na mdudu."

"Mahindi, sawa. Lakini mahindi hayanywewi."

Nikakitwaa kikombe nikanusa. Sikusikia chochote ila harufu ya nyumbani. Nikampa Anyosisye. Naye akanusa, akaangalia chini.

"Kweli, ndugu yangu," alisema taratibu. "Hiyo harufu ya nyumbani ndiyo moshi wenyewe. Hata mimi nilikuwa siisikii nilipokuwa huko."

Nililiona jembe la kaka yangu likishuka kwenye miche, mche baada ya mche, na nikaogopa, sisemi uongo. Nikatoa kile kifurushi kwa hasira tu, kama mtu anayetupa karata ya mwisho.

"Basi pika na hii."

Akapika. Akanusa, akanywa. Akanywa tena, akamwita jirani yake mwenye duka la nguo, naye akamalizia kikombe.

"Hii nani aliikausha?"

"Mke wangu. Nyumba yake haina dari."

"Mwambie asiiweke," akasema Bwana Nasoro. "Nileteeni debe la chai kama hii, nitalinunua. Na jingine, na jingine."

Niliporudi Rungwe, debe la moshi nilirudi nalo. Tutalinywa wenyewe, sisi halituudhi. Nanyi mnaolima milimani, jifunzeni kwangu: majani ya chai hunywa kila harufu iliyo karibu, na pua ya mwenyewe haimwambii. Mpe mgeni aonje kwanza.

Ambakisye nilimkuta shambani, jembe begani.

"Umepata mnunuzi?"

"Nimempata. Shusha jembe, tuna kazi nalo."

"Kazi gani?"

"Kusawazisha uwanja wa kuanikia chai."

Akacheka, akapiga jembe la kwanza mbele ya nyumba ya Tusekile. Mke wangu akatoka mbio kuuliza kama hatimaye tumekuja kumwekea dari.