‘Bado nipo hai,’ asema mwanzishi wa wimbo wa kahawa

Saa nne kamili asubuhi, wanawake sita wamesimama kando ya kichanja cha kwanza cha kuanikia katika kiwanda kidogo cha kahawa, kata ya Mbuji, wilayani Mbinga. Ephrasia Ndunguru (52) anaingiza viganja kwenye kahawa iliyolowa, ingali na ganda lake jeupe. Anaigeuza, kisha anaanzisha wimbo. Wenzake wanaitikia.

Vichanja ni kumi na vitano, na kila kichanja ni wimbo mzima. Kwa mwendo wa Ephrasia wimbo unachukua dakika nne, hivyo kichanja cha mwisho kinakamilika saa tano, muda wa kufunika kwa turubai kabla jua halijawa kali. Kahawa mbichi ikipigwa na jua la mchana ganda hupasuka, na iliyopasuka hushuka daraja.

Kwa misimu kumi na tisa hapakuwa na aliyetazama saa. Saa alikuwa Ephrasia.

Kibarua hiki anakifanya Juni hadi Septemba, kwa Sh7,000 kwa siku. Miezi mingine analima mahindi na maharage. Wimbo aliurithi kwa mama yake ukiwa na beti mbili. Ubeti wa tatu, unaomtaja mwanamke anayepanda kilima na mtoto mgongoni na debe la kahawa kichwani, aliutunga mwenyewe mwaka aliomzaa mwanawe, Tarsisi.

Hilda Komba alisimama kushoto kwake misimu sita, akiitikia. Kisha akateremkia Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akaanza kuimba kumbini kwa mtindo wa soul, ule wa sauti nzito inayovutwa taratibu. Mei mwaka huu alitoa albamu ya nyimbo tisa za watu wengine, za kwaya, za wavuvi na za ngoma, alizozipika upya kwa kinanda na gitaa. Wa nne ni ule wa vichanjani, pamoja na ubeti wake wa tatu.

Kwenye orodha ya watunzi, mbele ya wimbo huo pameandikwa maneno mawili: “Wa asili.”

“Wa asili ni wa marehemu,” anasema Ephrasia. “Mimi bado nipo hai. Hilda ananijua mpaka ninapolala. Amekula ugali kwangu.”

Hafichi wivu wake. Aliusikia wimbo huo mara ya kwanza dukani kwa Adinani, alikokwenda kununua sabuni, akarudi nyumbani bila sabuni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Hilda ameuimba vizuri.

“Angeuharibu ningemcheka, yakaisha.”

Julai, Lidia, binti aliyeshika nafasi ya Hilda kichanjani, alikuja kazini na spika ndogo. Alisema siku hiyo mwanzishi apumzishe koo. Ephrasia alipouliza koo lake lina kasoro gani, wenzake walikuwa wameshaanza kucheka.

“Mama, Hilda ameulainisha,” alijibu Lidia. “Wewe unatuswaga kama mbuzi wa mnadani.”

Wakageuza kahawa kwa mwendo wa Hilda. Wimbo wake una dakika sita. Vichanja vilikuwa vilevile kumi na vitano, na kila mmoja aliamini kwamba cha mwisho kikiisha ni saa tano. Ilikuwa saa tano na nusu. Msimamizi wao, Mansuetus, alikuwa amekwenda mjini kufuata magunia.

Ephrasia alijua. Kwenye kichanja cha nane aliona kivuli cha nguzo kimefupika kupita kawaida. Kwenye cha kumi na mbili alisikia ganda likialika chini ya vidole vyake. Aliendelea kugeuza, mdomo ameufunga.

“Nilitaka wimbo wake ushindwe,” anasema. “Sikuuliza kahawa ni ya nani.”

Kilo arobaini zilipasuka. Kichanja kimoja kati ya vilivyoharibika kilikuwa na kahawa ya mama yake Lidia.

Mansuetus aliitupia lawama spika, akaipiga marufuku, akamkaripia Lidia mbele ya watu mpaka binti akalia. Kisha akapigilia saa ya ukutani kwenye nguzo. Ephrasia alikaa na siri yake siku nne. Siku ya tano alimwendea msimamizi na kumweleza yote, Lidia akiwa amesimama palepale. Mansuetus alimjibu kwamba ataendelea kuanzisha wimbo, lakini saa haitang’olewa.

Ephrasia hajaacha kudai jina lake. Anataka Hilda aliandike kwenye albamu, mbele ya wimbo wa nne. Ila anasema hawezi kuudai wimbo huku akiikana kahawa.

Leo kichanja cha kumi na tano kinakamilika saa tano kasoro dakika moja. Turubai zikishafungwa, Ephrasia anamwita Lidia amshikie simu. Binti anamwelekeza pa kubonyeza ili kurekodi ujumbe wa sauti na kumwambia asiongee kama anayehubiri.

“Hilda, shikamoo yako sitaipokea leo, mimi ndiye mwenye kosa,” anaanza. “Wimbo wako ulituchelewesha, kahawa ikapasuka. Niliona, nikanyamaza kwa wivu. Sasa sikiliza. Mimi ni Ephrasia Ndunguru wa Mbuji, na ubeti wa tatu ni wangu.”

Anauimba wimbo wote, kwa dakika nne. Kwenye ubeti wa tatu Lidia anaitikia bila kuombwa.

Ujumbe unatumwa saa tano na dakika ishirini. Wanawake wanakwenda kunawa. Simu inabaki juu ya ndoo iliyofudikizwa, na Ephrasia haondoki hapo.

Saa sita na dakika kumi na mbili, alama mbili chini ya ujumbe zinageuka bluu: Hilda ameufungua.