Sauti ya Karawan na gemu lisilowafaa watoto

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo ambacho kuta zake zote zimefunikwa mablanketi, Rudaina Haddadin anavua bangili zake zisije zikalia, anakunywa funda moja la chai ya maramiya, majani ya kulainisha koo, kisha anasogelea kipaza sauti. Ana miaka sitini na moja. Anapofungua kinywa, anayesema ni mvulana wa miaka tisa.

"Mimi ni Karawan. Gemu hili si la watoto. Lizimeni, mkamwite mama."

Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo Usama Tarawneh, anayemwita kwa jina la mwanawe mkubwa, anatikisa kichwa.

"Umm Yazan, huyo mtoto anatuomba au anatuamuru?"

"Anaomba."

"Basi aombe kama mtu anayetaka kusikilizwa. Hapo ulipo unatusomea taarifa ya habari."

"Wewe Usama, mimi nilikuwa Karawan wakati wewe bado unafungwa nepi."

"Ndiyo maana nakuogopa. Haya, tena."

Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hii. Usama humwazima chumba bure, kabla hawajafika wateja wa matangazo ya sabuni. Rudaina anataka kuituma sauti hiyo kwa kampuni inayouza gemu la Upanga wa Majivu, ili iwekwe mwanzoni kabisa mwa toleo la pili. Wakikubali, atawafanyia kazi tena. Wakikataa, hajui atafanya nini.

Hapa Amman, aliyekua akitazama katuni anamjua Karawan, mtoto wa mchunga mbuzi. Wavulana wa katuni huigizwa na wanawake, maana mvulana wa kweli hubalehe na sauti kuwa nzito katikati ya kazi. Na Karawan alizungumza Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, ambacho hakuna mtu anayekitumia kununulia nyanya. Kwa wazazi wa mji huu, Kiarabu fasaha kikisikika sebuleni ni salama: mtoto anajifunza, mama aendelee na mapishi yake. Nami nililelewa hivyo hivyo. Mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza.

Kazi ya katuni ililipa dinari kumi na mbili kwa kipindi, kisha ikafa kabisa. Miaka mitatu iliyopita akaitwa kuingiza sauti ya gemu, dinari mia tatu kwa siku nne. Alipewa karatasi za sentensi, picha hakuonyeshwa. Ndivyo magemu yanavyorekodiwa, sentensi moja moja, haina kichwa wala mkia. "Mkate huyo." "Usimhurumie." "Vema, sasa anayefuata."

"Nilidhani anayekatwa ni mbwa mwitu," anasema. "Nani angenipa mimi kazi ya kuwaambia watu wakate watu? Kwa sauti hii? Sikuuliza. Niliona haya kuuliza, kazi nilikuwa naihitaji."

Tuseme ukweli, kwa mtu mzima gemu lenyewe limetengenezwa vizuri. Shujaa ana upanga, anafyeka njia yake ngome hadi ngome, na maadui humlilia kabla hajawamaliza. Pembeni yake yupo kijana wa kumtia moyo, mwenye sauti ya Rudaina. Katika gemu anaitwa Nasim, lakini hakuna mtoto anayemwita hivyo. Wote wanamwita Karawan.

Kwenye kona ya kasha imechapwa namba kumi na nane, umri wa anayeruhusiwa kucheza. Muuza duka alimwambia Lubna, binti yake Rudaina, kwamba gemu lina Kiarabu fasaha na halina matusi. Hakusema uongo, tusi halimo hata moja. Lubna ni mfamasia, mtu wa kusoma maandishi madogo kila siku, na bado alilinunua kwa ajili ya Talin, mwanawe wa miaka sita.

"Nilisikia sauti ya mama yangu," anasema Lubna. "Ningeogopa nini?"

Ijumaa moja familia ilikutana kwa Rudaina kwa chakula cha mchana. Alikuwa jikoni akipindua sufuria ya makluba, wali wa nyama na biringanya, kwenye sinia alipojisikia mwenyewe akizungumza sebuleni. Akaenda kutazama. Kwenye televisheni mwanamke alikuwa amepiga magoti, mikono juu, anaomba asiuawe. Talin akabonyeza.

"Kwa nini umemuua?" bibi akauliza.

"Karawan amesema."

"Karawan gani?"

"Si wewe, bibi?"

Rudaina ananisimulia haya akiwa ameshika bangili mkononi, hazivai. "Iliniuma," anasema. "Mpaka leo inaniuma."

Mashine ya gemu iko juu ya kabati siku hizi. Lakini Talin, aliyekuwa halali bila hadithi ya Karawan, hataki tena kuisikia sauti hiyo. Bibi akianza tu, mtoto huvuta shuka na kumwambia, "Bibi, ongea kawaida." Hadithi zimekwisha.

Jibu la kampuni lilikuja kwa simu, mimi nikiwepo. Kijana mwenye adabu zake.

"Ustadha, sauti yako ndiyo inayowafanya akina mama wanunue. Sasa tuiweke hiyo hiyo iwafukuze? Si tutakuwa tunajichinja wenyewe?"

"Basi kwenye toleo la pili msinitumie."

"Hatutakusumbua. Sentensi ulizorekodi mwanzo zinatutosha, na sahihi uliweka kwenye mkataba."

Rudaina alimshukuru, akakata simu.

"Umeona?" akaniuliza. "Nimemshukuru."

Jumapili iliyofuata, ambayo Amman ni siku ya shule, alikwenda shule ya chekechea iliyo mwisho wa mtaa wao, Ashrafiyeh. Mwalimu Hanin Bawab alikuwa amewaambia watoto kuna mgeni. Rudaina alisimama mbele, akawasalimu kwa sauti ya Karawan, na darasa zima likapiga makofi. Nilifurahi. Nilidhani mambo yamekuwa mepesi.

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasimama, mikono imenyooka ubavuni kama anavyofundishwa kusimama mbele ya mkubwa. Akauliza kwa Kiarabu fasaha kisicho na kosa, kwa heshima zote:

"Ewe Karawan, tumkate nani leo?"

Wenzake wakamgeukia mgeni kusubiri jibu.

Rudaina alikuwa amekuja na maneno aliyoyaandaa, lakini hakuyatumia. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamjibu kwa sauti yake mwenyewe, ile ya mwanamke mzima iliyokwaruzika.

"Hakuna mtu, mwanangu. Leo hatumkati mtu."

Mtoto akamtazama. Kisha akachungulia nyuma ya Rudaina, akimtafuta Karawan.

Nje ya lango nilimuuliza kama atarudi. Alisema wiki ijayo ni chekechea ya mtaa wa Jabal al-Hussein, halafu mji wa Zarqa, ikiwa walimu watamkubalia.

"Nitazunguka mpaka nipate darasa moja ambalo nikisema mimi ni Karawan, hawaniulizi swali lile," alisema. "Nikilipata, nitarudi nyumbani nimwombe Talin aniruhusu kumsimulia."